Kilo Mbili na Nusu

Kariobangi, Nairobi
9 Januari 2024

Kwako Mama Rebeccah,

Heri ya mwaka mpya. Nakusalimu wewe, Chepchirchir na boma lote, pamoja na yule ng'ombe mweusi aliyenipiga teke siku ya Krismasi. Mimi niko. Nairobi ni jua na vumbi, na maji ya mfereji yanakuja siku yakipenda. Kocha Mogaka anakusalimu pia. Bado anamsifu yule kuku uliyemchinjia alipokuja huko.

Naandika kwa sababu simu yangu huipokei. Nimepiga tangu tarehe mbili. Nilidhani ni chaji, halafu Chepchirchir akaniambia unaiangalia ikilia, kisha unaigeuza uso chini juu ya kitambaa cha meza. Basi nimeamua kuandika kama nilivyokuwa nikikuandikia nikiwa shule ya bweni. Barua itakuja na basi la Bomet, uichukue pale stendi Silibwet.

Najua ni ile habari ya maziwa. Siku ya sherehe ya mkanda wa ndondi wa Bethwel ulikuja na kibuyu cha mursik mbele ya watu wote. Mwenye mkanda akanywa, wazee wakanywa, ukanifikia mimi nikafunika kikombe na mkono. Niliona uso wako. Niliwasikia na wamama nyuma yangu wakisema nina wivu na ndugu yangu. Mama, haikuwa wivu. Nilikuwa na pigano wiki iliyofuata, na bado nilikuwa na kilo nne za kutoa mwilini. Siku hiyo nzima nilikuwa nimekula yai moja. Hata mate nilikuwa natema.

Hilo pigano nilishinda Jumamosi, nafikiri umesikia. Ambacho hujasikia ni kwamba siku ya kupimwa uzito nilizimia bafuni. Mogaka alinipiga makofi ya uso mpaka nikafungua macho, halafu akakaa chini kwenye sakafu iliyolowa akashika kichwa. Anasema mwili wangu umekataa. Mifupa imekua, mabega yamekua, na mimi bado nang'ang'ania uzani niliouanza nikiwa na miaka kumi na tisa. Anataka nipande uzani mmoja tu, kutoka kilo sitini na moja mpaka sitini na tatu na nusu. Kuruka zaidi ya hapo siwezi, huko kuna majitu marefu. Ni kilo mbili na nusu, Mama. Ni pakiti moja ya unga na konzi chache juu yake. Lakini kwangu hiyo ni kulala usingizi na kunywa maji kama watu.

Sitaki kupanda bila baraka zako. Mama mzazi alipofariki ulinichukua nikiwa sijaanza shule, ukanilea na Bethwel na Chepchirchir uliowazaa, ukasema dada yako amekuachia mtoto, hakukuachia mzigo. Hakuna jambo kubwa nimefanya bila kukuuliza. Hata hii ndondi, nauli ya kwanza ilitoka kwako. Nipe neno.

Ni mimi mwanao,
Kipchirchir


Silibwet
18 Februari 2024

Kwako mwanangu Kipchirchir,

Barua yako ilikaa pale stendi wiki mbili kwa sababu karani wa basi alisahau kunipigia. Halafu ikakaa mezani kwangu karibu wiki tatu. Kosa la kwanza ni la karani. La pili ni langu, na siombi msamaha.

Huku tuko salama. Mvua ya mawe ilishuka ikapiga chai ya upande wa mto mpaka ikabaki vijiti. Upande wa juu umepona. Ng'ombe mweusi amezaa ndume, kazi bure. Chepchirchir ameanza kujifunza ushonaji Bomet mjini, na kitu ambacho amejua haraka ni kunijibu. Bethwel yuko Kericho anafanya mazoezi kwa yule promota wake, Obure, na Jumapili anakuja nyumbani kula.

Sasa tuongee. Umeniandikia habari ya unga, na mate, na bafu, na hakuna mahali umetaja nani amekalia hizo kilo sitini na tatu na nusu. Kwa nini, Kipchirchir? Ulidhani kwa sababu mimi ni mtu wa kuchuma majani chai sijui? Mkanda wenyewe uko hapa, umening'inia juu ya televisheni, naupanguza vumbi kila Jumamosi. Ukipanda huko unapanda kumpiga Bethwel. Hakuna mlango mwingine. Si ungesema tu.

Mlilala kitanda kimoja nyinyi wawili. Mlitahiriwa Desemba moja, mkakaa nyumba moja ya menjo mkipona, chakula chenu kikitoka jikoni kwangu. Watu waliotoka menjo moja hawainuliani mkono. Hilo sikufundishi mimi mwanamke, mlifundishwa na wanaume huko ndani.

Nimepeleka neno kwa wazee wa kokwet, baraza letu la kijiji. Usikasirike kabla hujamaliza kusoma. Walikaa nyumbani kwa Mzee Arap Chumo, na Bethwel alikuwepo. Unajua wale wazee, kesi walizozoea ni za ng'ombe na mashamba. Mzee akauliza, "Hii kilo iko namna gani? Ni kama shamba?" Bethwel akamwambia ndiyo, ni kama shamba, kila mtu na yake. Basi Mzee akafunga maneno: "Kama ni shamba, iko na mpaka. Huyu akae upande yake na yule akae upande yake. Hakuna mtu atavuka kwa mwingine." Wote wakakubali. Mzee mwingine akauliza, "Na hiyo kilo mbili, si aache tu ugali ya usiku?" Watu wakacheka. Mimi sikucheka, lakini nilimwona ana maana.

Hapa kituo cha chai watu wananyunyizia majani maji ili yawe mazito kwenye mizani, karani akiwashika anawarudisha nyumbani na gunia lao. Wewe unalia kwa sababu unatakiwa kuwa mwepesi. Dunia imegeuka kweli.

Vumilia. Bethwel amesema atapigana mwaka huu na ujao, halafu atafungua duka aachane na hiyo kazi. Akitoka, wewe panda. Nani atakuzuia?

Ya maziwa nimesamehe. Kusahau bado.

Mimi mama yako,
Rebeccah


Kariobangi, Nairobi
14 Aprili 2024

Mama,

Pole kwa mvua ya mawe. Pole pia kwa ndume. Huku mvua imeanza na paa la jimu linavuja upande wa magunia ya kupiga, kwa hivyo tunafanya mazoezi tukizunguka ndoo.

Barua yako niliisomea kwenye ngazi, nikairudisha ndani ya bahasha, nikakaa nayo muda wote huu. Nilikuwa na majibu ambayo mtu hamwandikii mama yake. Yale yamepoa kidogo. Haya ndiyo yamebaki.

Sikuandika kwamba mwenye hizo kilo ni Bethwel kwa sababu niliona aibu. Si aibu ya kupigana naye, maana tumepigana tangu tukivaa kaptula na hakuna aliyeita wazee. Niliona aibu ya kukuweka katikati. Nilidhani ukisoma utaelewa, utanipigia simu, tutalia kidogo, tutaona la kufanya. Wewe ukaenda kunifungulia kesi.

Na mkaisikiliza bila mimi. Hata mwizi wa kuku huitwa kwanza aseme yake. Bethwel alikaa pale akawaambia wazee kwamba uzani ni kama shamba. Bethwel ni bondia, Mama. Anajua vizuri kwamba uzani hauna mwenyewe. Watu wanapanda na kushuka kila mwaka, na mkanda unapiganiwa na yeyote. Alijua wazee hawajui, akawapa neno wanalolijua, wakamkatia mpaka.

Sasa nikueleze ninavyoacha ugali ya usiku. Wiki mbili kabla ya kupimwa naanza kula kama mgonjwa. Wiki ya mwisho navaa nguo za plastiki, juu yake sweta mbili, nakimbia saa sita jua likiwaka. Chumvi siionji. Siku mbili za mwisho maji ni ya kusukutua tu, nameza tone nikiiba. Nakaa kwenye chumba cha mvuke mpaka jasho linakauka, ngozi inakuwa moto lakini haitoi kitu tena. Mara ya mwisho nilipokojoa ilikuwa rangi ya chai ya strungi. Nilimwonyesha daktari, akasema figo zinalia, na kwamba ngumi ya kichwa kwa mtu aliyekauka inaingia ndani zaidi. Lile pigano la Januari nilishinda, lakini raundi mbili za mwisho sizikumbuki. Nimeziona kwa simu ya Mogaka, nikamwangalia yule mtu nikamwonea huruma.

Mogaka hataki hata kusikia. Nilipomsimulia habari ya kokwet alirusha kofia chini. "Kwa hivyo sasa wazee wa majani chai ndio makocha? Basi wakuje wakushikie maji. Mimi nitafute kazi ingine."

Lakini nimekubali, shingo upande. Nimetia sahihi pigano la kilo sitini na moja, tarehe ishirini mwezi wa saba. Sijakubali kwa sababu ya Arap Chumo. Nimekubali kwa sababu ni wewe umeomba, na mimi sina mama mwingine wa kukimbilia nikikukosea. Ni mara hii moja tu. Baada ya hapo napanda, mkipenda mkinuna.

Nakuuliza mambo mawili na naomba unijibu. Ni wewe ulienda kwa wazee, au Bethwel alikutuma? Na kama mimi ndiye ningekuwa na mkanda, na Bethwel ndiye anayezimia bafuni, ungewaita?

Kipchirchir


Silibwet
2 Juni 2024

Mwanangu Kipchirchir,

Barua ilifika salama, asante. Ulisema umekubali, na Mungu ameona. Jumapili hiyo hiyo nilisimama kanisani nikaomba uombewe, mchungaji akakutaja kwa jina, na wamama wale waliokusema siku ya sherehe walikuwa wamepiga magoti mbele yangu. Niliwaangalia visigino.

Majani yamerudi vizuri upande wa mto. Tunachuma mpaka mgongo unakataa kunyooka. Ule mti wa parachichi uliokuwa ukiupanda utotoni umeangushwa na upepo, haukumwangukia mtu. Chepchirchir amenishonea gauni, mkono mmoja mrefu kuliko mwingine, nalivaa hivyo hivyo nisimvunje moyo. Bethwel ni mzima. Anakula vizuri siku hizi, shati za mwaka jana hazimfungi. Anakusalimia.

Maswali yako nimeyaona. Hayo ni ya kuongea ukija.

Nimekutumia mursik kwenye chupa kwa basi. Usinywe sasa, weka mpaka pigano liishe. Unaona nimeanza kuelewa kazi yenu.

Mama yako,
Rebeccah


Hospitali, Nairobi
25 Agosti 2024

Mama,

Sijui nianze na salamu gani kutoka wadi ya watu kumi na wawili. Wazima wanakusalimu, wagonjwa wanakusalimu. Uji hapa ni mwepesi, unaona mpaka chini ya kikombe.

Mogaka alisema alikuambia kwa simu kwamba nilianguka. Hakukuambia yote, alikuwa analia. Siku ya kupimwa niliingia kilo sitini na moja kamili, watu wakapiga makofi. Kesho yake kwenye ulingo nilikuwa naongoza. Raundi ya tano yule jamaa alinigusa begani. Hakunipiga, Mama, ni kunisukuma tu. Miguu ikatoweka. Nilikuwa naona taa za ukumbi na nasikia refa akihesabu, na niliamuru mwili uamke ukakataa, kama ulivyokuwa umeniambia tangu Januari. Niliamkia hapa. Figo zimechoka. Wananiunganisha na mashine, damu inatoka, inasafishwa, inarudi. Daktari anasema huenda zikaamka kidogo, huenda zikabaki hivi. Kupigana tena amesema hapana, na watu wa tume ya ndondi wamekuja hapa kitandani wakachukua leseni yangu. Walikuwa na adabu sana.

Hayo ningeyameza. Mtu anayepigana anajua kuna siku. Ambalo limekataa kupita kooni ni hili lingine.

Chepchirchir alikuja Jumatano. Alileta machungwa ambayo siruhusiwi kula. Alikaa, akazungusha mkoba wake, nikamuuliza mbona Bethwel haji. Akasema Bethwel yuko kambini, anajitayarisha kwa uzani wake mpya. Nikauliza uzani gani mpya. Akainuka kutaka kwenda. Nikamshika mkono.

"Kip, usiniangalie hivyo," akasema. "Alihama kitambo. Anapigana sitini na sita sasa. Alisema ile ya kwanza imemshinda, mwili imekataa. Alimwambia Mama jikoni mwezi wa tano, mimi nikiosha vyombo. Mama akasema asikuambie."

Nikamuuliza na mkanda je. Akasema Bethwel aliuachilia mwezi wa sita, karatasi zilipelekwa kimya kimya, Obure ndiye hakutaka itangazwe mpaka Agosti.

Mogaka aliniletea zile barua zako kutoka kwa nyumba. Niliisoma tena ya tarehe mbili Juni. "Shati za mwaka jana hazimfungi." Nilipoipata mara ya kwanza nilicheka, nikasema ndugu yangu ananenepa. Wewe ulikuwa unajua unachoandika. Ulikaa na kalamu, ukaandika kila kitu mpaka mti wa parachichi, ukaandika gauni, ukafika kwa Bethwel, ukaniambia habari ya shati.

Tarehe ishirini Julai hakukuwa na mtu kwenye kilo sitini na tatu na nusu. Palikuwa wazi. Ningepita hapo nikiwa nimeshiba na nimelala, bila kumgusa ndugu yangu hata ukucha. Mlihama shamba mkaniacha nimelala kwenye mpaka nikilinda.

Kwa hivyo mwili wa Bethwel ukikataa, mwili umekataa. Wangu ukikataa, ni ugali.

Niambie kwa nini. Usipige simu. Niandikie.

Kipchirchir


Silibwet
13 Oktoba 2024

Kipchirchir,

Nakusalimu. Nasikia umetoka hospitali na uko kwa Mogaka, na kwamba unaenda kwa mashine na kurudi. Namshukuru Mungu kwa hilo, na namshukuru Mogaka, ingawa alinitukana kwa simu maneno ambayo hajawahi kunitukana nayo hata mtoto wangu mmoja. Bonasi ya chai imetoka, watu wananung'unika. Arap Chumo ni mgonjwa, hajui tena watu.

Sikuja kukuona. Najua umehesabu hilo. Nilipanda basi mwezi wa nane na nguo zako safi kwenye mfuko, nikafika Narok. Basi liliposimama nikashuka, nikakaa kwenye benchi ya wauza mahindi, nikapanda la kurudi. Chepchirchir hajui. Nguo ziko hapa.

Umeuliza kwa nini, na ulisema niandike, basi naandika mara moja na usiniulize tena.

Bethwel alikuwa anaenda kujaribu. Kujaribu si kuhama. Kama huko juu kungemkataa, angerudi kwake, na mimi nilitaka akute kwake ni kwake. Mtu akisafiri shamba lake halipewi jirani alime, hata kama jirani ni ndugu. Ningekuambia mwezi wa tano ungepanda siku hiyo hiyo. Ungechukua mkanda, sikatai, ungeuchukua. Halafu Bethwel akishindwa na majitu ya huko juu, arudi nyumbani amkute nani mlangoni? Akukute wewe. Nyinyi wawili mkisimama ulingoni mimi najua nani angebaki amesimama. Nimewaona mkigombania kile kiti cha jikoni. Kila siku aliyekaa ni wewe.

Habari ya figo nilisoma. Nilidhani unatia chumvi. Watoto wote wakitaka kitu wanasema watakufa.

Uliuliza kama ungekuwa ni wewe mwenye mkanda. Wewe umekula jikoni kwangu miaka yote, umevaa nilichokununulia, hakuna siku niliwagawia nyama nikakupa iliyo ndogo. Yeyote wa hapa atakuambia. Kwa nyama niliweza. Hili jingine lilikuja na mizani yake, na usinilazimishe kusema zaidi ya hapo.

Sasa kuna jambo. Bethwel anapigana tarehe saba Desemba, huko huko Nairobi. Yule mzee aliyekuwa akimsimamia kwenye kona amegombana na Obure akaondoka. Bethwel amekataa wengine wote, anasema anakutaka wewe. Anasema hakuna mtu anajua anavyopumua akichoka kama wewe. Hawezi kukupigia mwenyewe, anaogopa. Mimi nakuomba kwa niaba yake. Mshikie maji na taulo. Mkisimama pamoja mbele ya watu, maneno yataisha, na mimi nitalala.

Nakungoja.

Mama yenu,
Rebeccah


Kariobangi, Nairobi
27 Oktoba 2024

Mama,

Salamu kwako na kwa Chepchirchir. Mwambie machungwa yake muuguzi aliyakamua juisi akanywa na akafurahi sana. Mimi naendelea. Siku ya mashine narudi nimechoka kama nimechuma majani kutwa, siku zingine nasaidia jimu kufunga watu bandeji mikononi. Hii barua ni fupi kwa sababu umejibu, na mimi sina swali lingine.

Mwambie Bethwel nitakuja. Nitakaa kwenye kona yake.

Lakini kwa vile hujawahi kukaa karibu na ulingo, nikueleze kazi ya taulo, maana umeandika kama ni ya kupangusia jasho. Bondia akiwa anapigwa hawezi kusema inatosha. Hata akitaka, mdomo umejaa mpira wa kukinga meno na kichwa kimejaa kelele, na aibu haimruhusu. Mtu wa kona ndiye anatakiwa kuona. Akiona mwenzake anaisha, anarusha taulo ndani, refa anasimamisha, bondia anarudi nyumbani akiwa hai. Akichelewa kidogo, basi. Hakuna mtu mwingine ukumbini mwenye uwezo huo, hata mama mzazi.

Mimi nilikuandikia Januari kwamba nimezimia, na Aprili kwamba figo zinalia. Mwezi wa tano ulisimama jikoni na taulo mkononi.

Huyo jamaa wa Desemba nimemwona akifanya mazoezi. Ni mzito wa kweli, hakujikausha, na anapiga ubavuni. Bethwel hataweza naye zaidi ya raundi sita, na Obure anajua, na Bethwel mwenyewe nadhani anajua, ndiyo maana ananitaka mimi.

Nataka uje. Safari hii usishuke Narok. Nitakutafutia kiti cha mbele, upande wetu. Bethwel akianza kuyumba, usimwangalie yeye, niangalie mimi. Utanyanyuka, utaniita kwa jina, pengine utaniita mwanangu, na mimi nitakusikia vizuri kwa sababu utakuwa karibu. Kama nitarusha taulo mapema au nitachelewa, leo mimi mwenyewe sijui, na sitakuambia. Utakaa usubiri.

Beba sweta. Ule ukumbi huwa na baridi.

Kipchirchir